Mwalimu wa TP Anazungumza na Nani?

Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wa KCSE, alama 30 kati ya 60 zimetengewa stadi za kuzungumza. Mtahiniwa hafungui mdomo. Anapewa shairi na kuulizwa angeusoma vipi mstari fulani, naye anajibu kwa kalamu. Anaandikiwa neno, atafute jingine linalotamkwa sawa nalo. Anapewa mazungumzo ya watu wawili, aeleze kwa maandishi ni yupi asiyejua kusikiliza. Mtu anaweza kuzoa alama zote 30 bila kutoa sauti hata ya kukohoa. Upande wa Kiswahili hali ni hiyo hiyo: fasihi simulizi, ambayo uhai wake ni mdomo na hadhira, hujibiwa ndani ya ukumbi ulionyamaza, msimamizi akipita katikati ya madawati.

Mtihani huo ndio uliowalea walimu wanafunzi tunaowalalamikia leo. Muda wa mazoezi ya kufundisha ukiwadia, ule ambao kila mtu huuita TP, walimu wakuu wa Ruiru na Thika hurudia kauli moja: kijana analijua somo lake, ila darasani halifiki. Anaongea na ubao. Anakimbia. Sauti yake haivuki safu ya tatu, au inavuka hadi darasa la jirani na watoto wake bado hawajashika kitu. Vyuo hulijibu lalamiko hilo kwa kuongeza mihadhara. Mimi naona kasoro iko kwingine. Tangu kidato cha kwanza hadi siku ya kutathminiwa, mwalimu wa TP amezoezwa kwamba anayesema naye ni mtahini. Mtoto yuko pale kama shahidi tu.

Ukanda wa Barabara ya Thika umejaa walimu watarajiwa. Pale Kahawa, kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi la Waingereza ikiitwa Templer, serikali ilianzisha Chuo cha Kenyatta mwaka 1965. Miaka 20 baadaye kikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mpaka leo ukikitaja, wengi hufikiria walimu kwanza. Kina bewa lake Ruiru. Thika mjini kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2011, ambacho nacho hufunza walimu kwa wingi. Ukishika barabara ya Garissa kuelekea Ol Donyo Sabuk utakikuta Chuo cha Walimu cha Kilimambogo, cha walimu wa shule za msingi, ambako cheti cha P1 tulichokizoea kimeipisha stashahada iliyoanza mwaka 2021.

Shule wanakopelekwa vijana hao zimefurika. Ruiru ilikuwa na watu kama 239,000 mwaka 2009. Sensa ya 2019 ikawakuta takriban 490,000. Nyumba za kupanga ziliota Kimbo, Mwihoko na Githurai kabla ya madarasa. Basi kijana wa miaka 22 anakabidhiwa watoto 60, wengine wamebanana watatu kwenye dawati la wawili, na ukuta wa mabati ndio unaomtenga na mwenzake anayefundisha nyimbo. Sauti hukauka wiki ya kwanza. Hilo la sauti lina dawa: ahame kutoka mbele ya ubao, aishushe sauti badala ya kuipandisha, awape watoto kazi ya mikono anapohitaji kupumua. Mwalimu mkongwe wa shule atamwonyesha hayo kwa siku mbili, na silo linalonisumbua.

Linalonisumbua linaanzia chuoni. Mwaka wa kwanza wote hupitia kozi ya lazima ya stadi za mawasiliano, katika kumbi kubwa, mamia ya wanafunzi kwa mhadhiri mmoja. Humo huchorwa mchoro ambao ukishauona huusahau: msemaji kushoto, msikilizaji kulia, mshale katikati umebeba ujumbe, na kelele zinauingilia njiani. Asili yake ni makala ya Claude Shannon wa maabara za Bell, Marekani, ya mwaka 1948. Shannon alikuwa akipiga hesabu za habari zinazoweza kupita katika waya, na mwanzoni kabisa mwa makala hayo alisema wazi kwamba maana ya ujumbe haihusiani na tatizo lake la kihandisi. Hakukosea, kwa sababu waya hauna haja ya kuelewa kinachopita ndani yake. Sisi ndio tuliouchukua mchoro ambao mwenyewe alitangaza haushughuliki na maana, tukawapa watu ambao kazi yao yote ni maana. Wanaukariri, wanauchora kwenye mtihani, wanapita. Kuna matoleo yenye mshale wa kurudi kwa msemaji, nayo huchorwa pia, lakini kozi hiyo aghalabu huisha bila mwanafunzi kusimama hata mara moja akamweleza mtu jambo, akaangalia kama limeeleweka.

Aliyelelewa na mchoro huo huamini kwamba akishasema amefundisha. Kisichofika kimezuiwa na kelele, na kelele ni watoto.

Ingia katika somo la TP popote kati ya Githurai na Makongeni, utausikia mtindo mmoja. Mwalimu anapandisha sauti katikati ya neno na kuliacha likining'inia. "Mmea hutengeneza chakula chake kwa kutumia mwanga wa ju…?" Darasa zima: "Aaa!" "Mwanga wa…?" "Juaaa!" "Tuko pamoja?" "Ndiooo!" Mpita njia akichungulia dirishani atasema darasa limechangamka. Ila kilichoulizwa pale ni silabi moja, na silabi hiyo mtoto anaweza kuijaza bila kujua mmea unakula nini. Wapo wanaoijaza huku wanachora magari nyuma ya daftari.

Caroline Pontefract na Frank Hardman walichapisha mwaka 2005 utafiti wao wa masomo ya Kiingereza, hisabati na sayansi katika shule za msingi za Kenya. Walichokikuta ndicho hicho: mwalimu anauliza swali la jibu fupi, darasa linaitika kwa pamoja, mwalimu anasonga mbele. Hao walikuwa walimu walioajiriwa. Kwa hiyo mwalimu wa TP hakuubuni mtindo huu wala hakufundishwa na mhadhiri yeyote. Aliunyonya tangu darasa la kwanza, na mtu akishikwa na hofu hufundisha alivyofundishwa.

Siudharau uitikiaji. Msimulizi wa hadithi husema paukwa, hadhira ikajibu pakawa, watu wakaamka na kusogea karibu. Lakini akishaitikiwa, hadithi huanza. Kwenye somo la TP paukwa inakuja tena na tena hadi kengele inalia.

Tuchukue huo huo mmea na mwanga wa jua. Mtoto wa Thika ameyaona mashamba ya mananasi ya Del Monte, au amemsaidia nyanya yake kutia mbolea kwenye mahindi huko Gatundu. Kichwani mwake mmea unakula udongo, na ukipewa mbolea unashiba zaidi. Imani hiyo haiondoki kwa kuitika "juaaa". Itaondoka siku atakapouliza: kama mmea unajipikia chakula chake wenyewe, mbolea ni ya nini? Swali hilo ndilo somo lenyewe. Mwalimu anayeweza kulipokea, akaliachia darasa lilichambue, akarudi nalo kwenye majani na mizizi, ana stadi za mawasiliano hata kama Kiingereza chake kina kigugumizi. Na swali la namna hiyo halijitokezi katika darasa la "ju…?" kwa sababu halina mwanya wa kupenyea. "Kuuliza si ujinga" imeandikwa kwa rangi kwenye kuta za shule zetu nyingi. Anayeisoma hapewi nafasi ya kuuliza.

Kwa nini kijana mwenye akili zake aifunge milango hiyo? Mwangalie siku ya tathmini. Mhadhiri ameingia na faili lake, ameketi nyuma kabisa karibu na dirisha. Kuanzia hapo macho ya kijana yanaruka juu ya vichwa 60 na kutua kwa mgeni. Lugha yake inapanda ngazi. Anayasoma malengo ya somo jinsi yalivyo kwenye andalio, maana fomu ina kisanduku cha malengo. Anaitoa chati aliyokesha akiichora, maana kisanduku cha zana za kufundishia kipo. Anawataja watoto wanne anaojua hawatamwaibisha, maana fomu inauliza kama wanafunzi wameshirikishwa. Vyuoni husimuliwa kwa vicheko kisa cha mwalimu wa TP aliyepanga njama na darasa lake: ajuaye ainue mkono wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto, ili mhadhiri akifika mikono yote iwe juu. Pengine kimetiwa chumvi. Lakini kila aliyepitia TP hucheka kwa kukitambua.

Siwezi kuwalaumu vijana. Mtu akipimwa kwa fomu atazungumza na fomu. Nimezijaza fomu hizo kwa miaka mingi, na karibu kila kipengele kinamhusu mwalimu: usikivu wa sauti, matumizi ya ubao, mfuatano wa hatua, usimamizi wa wakati, mavazi. Mtoto anajitokeza kwenye "ushiriki", nao ushiriki hupimwa kwa kutazama mikono iliyo juu. Hata mahali tunapoketi pamechaguliwa vibaya. Kutoka nyuma ya darasa mtathmini huona visogo. Haoni uso uliokunjamana dakika ya kumi na kukata tamaa dakika ya kumi na tano. Mwalimu mwanafunzi anauona uso huo, au angeuona kama macho yake hayangekuwa kwetu.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho fomu zetu hazikijui: saa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi huko Marekani, alirekodi masomo katika miaka ya 1960 na 1970 na kuhesabu muda ambao mwalimu humpa mtoto baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde 1, kisha mwalimu anarudia swali, anamtaja mwingine au anajibu mwenyewe. Rowe aliwazoeza walimu wangoje sekunde 3 au zaidi. Majibu ya watoto yakarefuka, waliokuwa kimya wakaanza kusema, na watoto wakazidisha maswali yao wenyewe. Sekunde 3 ni kitu kidogo kwa anayesoma safu hii. Kwa mwalimu wa TP aliyesimama mbele ya mtathmini zinafanana na aibu. Anahisi kimya kile kinaandikwa kwenye fomu dhidi yake, na mara nyingi ndivyo ilivyo: nimewahi kuona maoni ya mwenzangu yakisema somo "lilipoa" pale pale ambapo watoto walikuwa wanafikiri.

Na hapa Thika ina utajiri ambao vyuo vya jirani vinautumia kidogo mno. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya watoto wasioona mjini humo mwaka 1946, na ya upili ikafuata mwaka 1967. Jeshi hilo hilo ndilo lililoanzisha shule za Joytown, mjini humo humo, za watoto wenye ulemavu wa viungo. Walimu wa elimu maalum wana mafunzo yao, na KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani, ilianzishwa mwaka 1986; siwazungumzii hao. Namzungumzia mwalimu wa kawaida wa hisabati au historia anayekwenda kufundisha Ruiru. Mpeleke huyo akafundishe wiki mbili mbele ya darasa lisiloona na tabia zake zote mbovu zitakosa pa kushika.

Mkononi ana chaki, anazoea kusema: "Tukitoa hii hapa tukaileta huku, tunapata hii." Darasa la Ruiru linaandika bila kuelewa na yeye hajui. Darasa lisiloona haliandiki chochote, kwa kuwa hakusema chochote. Itabidi ataje: tunatoa 4 pande zote mbili, kushoto inabaki x peke yake. Akishazoea kusema hivyo kwa wasioona, atasema hivyo kwa wanaoona, na mtoto wa dawati la mwisho ambaye hauoni ubao vizuri kwa sababu hakuna aliyempima macho naye atafaidika. Breli nayo ina mwendo wake. Akiamuru maandishi kwa kasi aliyoizoea, mashine zitamwambia kwa mlio wake kwamba bado zinaandika. Atajifunza kungoja bila kuhubiriwa. Kule Joytown huenda akampata mwanafunzi ambaye ulimi wake ni mzito na sentensi moja inamchukua muda. Utamkatiza vipi? Utasubiri, utasikiliza hadi mwisho, na utagundua jibu lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kuna pia suala la majina. Darasani mwetu mwalimu wa TP huita kwa kidole: wewe, wewe wa nyuma, wewe mwenye sweta iliyochanika. Mtoto wa Kiandutu aliyeitwa kwa sweta yake iliyochanika mbele ya wenzake 60 amepokea ujumbe uliofika sawasawa, bila kelele yoyote kuuzuia, na hatainua mkono tena muhula huo. Mbele ya wasioona kidole hakisemi. Ni jina au hakuna kitu. Majina 60 yanaweza kujulikana ndani ya wiki mbili. Mfanyabiashara wa soko la Makongeni ana wateja wengi kuliko hao na anajua hadi wanaodaiwa.

Lugha ndiyo sehemu iliyo nzito zaidi, na katika eneo hili ina historia ya maumivu. Mtoto anayeketi darasani Mwihoko anaamka na Kikuyu, Kikamba, Kiluhya au Kijaluo, anacheza kwa Sheng, anatumwa dukani kwa Kiswahili, na akifika gredi ya nne vitabu vyake vyote, isipokuwa vya Kiswahili, viko kwa Kiingereza. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza miaka mitatu ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mjini, ambako makabila yamechanganyika, lugha hiyo ni Kiswahili. Kwenye karatasi sera hiyo ingali hai. Kwenye shule nyingi za ukanda huu, hasa za binafsi zinazojitangaza kwa mabango kando ya barabara, Kiingereza huanza siku ya kwanza.

Watu hupenda kuwacheka wazazi kwa hilo, mimi siwacheki. Kiambu hii hii ndiyo iliyojenga chuo cha Githunguri mwaka 1939, chini ya Mbiyu Koinange, kwa michango ya wananchi, ili kupata walimu wa shule huru za Wakikuyu, hadi serikali ya kikoloni ilipokifunga mwaka 1952. Mojawapo ya madai ya wazazi wa shule hizo huru lilikuwa watoto wao wafundishwe Kiingereza mapema, maana walijua ni mlango upi waliofungiwa. Na mwana wa Kiambu hiyo hiyo, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliandika katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, jinsi wanafunzi wa wakati wake walivyoadhibiwa na kufedheheshwa kwa kunaswa wakizungumza Kikuyu karibu na shule. Madai ya wazazi na kidonda cha Ngũgĩ vyote ni kweli. Mwalimu wa TP ameurithi mvutano huo bila hata mtu kumwambia upo.

Anachoambiwa ni kwamba asichanganye lugha. Mtathmini akiwapo hathubutu. Basi mtoto anasimama na kusema, "Ticha, maji inaingia na mizizi, inapanda juu, ikifika kwa majani jua inapika." Ni jibu zuri ajabu, ndani yake mna usafirishaji wa maji, mna majani kama jiko, mna nishati ya jua. Mwalimu anamjibu, "Sema kwa Kiingereza." Mtoto anaketi. Katika fomu, mwalimu amepata alama ya kudumisha lugha ya kufundishia. Utafiti wa Cleghorn, Merritt na Abagi uliochapishwa mwaka 1989, uliofuatilia masomo ya sayansi katika shule za msingi za Kenya, ulionyesha kwamba mambo muhimu ya somo yalieleweka kwa urahisi zaidi pale mwalimu alipokuwa hajifungi kwa Kiingereza pekee. Imepita miaka zaidi ya 30 na bado tunamfundisha mwalimu mwanafunzi kuona haya kwa kueleweka. Angezoezwa hatua moja tu ndogo, ya kulipokea jibu hilo, kulisifu kwa maana yake, kisha kulijenga upya kwa Kiingereza pamoja na mtoto mwenyewe, tungepata sayansi na Kiingereza kwa pamoja. Hiyo ni stadi. Inafundishika kwa juma moja la mazoezi ya wanachuo wenyewe kwa wenyewe kabla ya kwenda shuleni. Mazoezi hayo siku hizi huwa ni kijana mmoja akiwafundisha wenzake 10 wanaojifanya watoto wa gredi ya tano na kujibu kila swali kwa usahihi.

Mtaala mpya haukubali uahirishaji. Mfumo wa mtaala wa mwaka 2017 unataja umilisi saba wa msingi, na wa kwanza ni mawasiliano na ushirikiano. Katika masomo ya lugha, kusikiliza na kuzungumza ni mada inayojitegemea, na mwalimu anatakiwa ampime mtoto kwa kumsikiliza. Atakayempima ni yule aliyepata alama zake 30 za kuzungumza kwa kalamu. Kundi la mwisho la KCSE ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 litafanya mtihani mwaka 2027, kwa hiyo walimu wa namna hiyo wataendelea kuingia vyuoni na kutoka kwa miaka kadhaa ijayo, wakifundisha kitu ambacho wao wenyewe hawajawahi kutendewa.

Wahadhiri wenzangu watasema, na wana haki, kwamba wakati hautoshi. Mtathmini ana wanafunzi wametawanyika kutoka Juja hadi Kilimambogo, marupurupu ya safari yanachelewa, somo la sekondari ni dakika 40 naye anatakiwa awe shule nyingine saa ileile. Sawa. Lakini ninayoyadai hayaongezi safari hata moja. Kuketi mbele pembeni, ukizitazama nyuso, ni bure. Kila kijana wa TP ana simu inayorekodi. Kwa ruhusa ya shule, arekodi sauti ya dakika 10 za somo lake mwenyewe, ayaandike mazungumzo hayo neno kwa neno, aje nayo. Sijaona mhadhara unaomzindua mtu kama kuisoma sauti yake mwenyewe ikisema "tuko pamoja?" mara saba katika ukurasa mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo vijana hawawezi kutuambia usoni. Somo likiisha, tunamwita mwalimu mwanafunzi kando, kwenye veranda, tukiwa na haraka. Tunamsomea fomu. Zana nzuri, wakati ulikimbia, ubao uwe nadhifu, shirikisha darasa. "Umeelewa?" "Ndiyo, Daktari." "Kuna swali?" "Hakuna, Daktari." Tunatia sahihi, anatia sahihi, tunakimbilia gari. Tumemfanyia kile kile tulichotoka kumkatia alama kwa kuwafanyia watoto, na hicho ndicho atakachokibeba, maana amekiona kwa mkubwa wake.

Fomu yenyewe ingefaa iandikwe upya kuanzia juu. Kabla ya kisanduku cha malengo, kabla ya zana na mavazi, iwe na mistari mitatu mitupu. Hapo mtathmini aandike mambo matatu yaliyosemwa na watoto watatu tofauti, kwa maneno yao na kwa lugha waliyoyasemea, na kando ya kila moja aandike mwalimu alilifanyia nini. Mazungumzo ya pale verandani yaanze na mistari hiyo, na wa kwanza kuyaeleza awe mwalimu mwanafunzi. Mtathmini asiyekuwa na cha kuandika hapo, kwa kuwa hakuna mtoto aliyesema zaidi ya silabi moja, asijaze alama yoyote siku hiyo, apange kurudi.